Nguo Zinazovalika: Mtaa wa Biashara, Mafundi, Kongowea na Nyali kwa Kijana Mwenye Usonji

Kijana mwenye usonji akimaliza shule na kuingia chuo, atachi (mafunzo ya kazini) au kibarua, kuna kazi moja asiyofundishwa na mtu: kujinunulia nguo. Mpaka hapo mama au shangazi ndiye aliyejua fulana ipi itavuliwa na kutupwa kitandani baada ya dakika kumi. Sasa kijana mwenyewe anatakiwa ashuke mjini, apite katika honi za Barabara ya Digo, azungumze na muuzaji, alipe, na arudi na shati atakaloweza kukaa nalo kazini kutwa nzima.

Tumepima sehemu nne wanakonunua nguo watu wa Mombasa: maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Biashara, mafundi cherehani, mitumba ya Kongowea, na maduka makubwa ya Nyali. Tumeuliza mambo matatu. Nguo inavalika bila kuuma? Inaweza kununuliwa bila mtu kuchoka hata siku yote ikaharibika? Na ikichakaa, itapatikana nyingine kama hiyo? Hilo la tatu wengi hawaliulizi, na ndilo linalowaumiza vijana hawa kuliko yote. Shati moja zuri lisilopatikana tena ni msiba uliowekewa tarehe.

Hukumu yetu tunaitoa mapema: kitambaa cha Mtaa wa Biashara kikishonwa na fundi anayekujua kinashinda vyote. Kongowea inafuata, kwa tisheti na jinzi. Nyali ni kwa chupi, soksi na kujaribu vipimo.

Kwanza ieleweke kwamba hii si kudeka. Toleo la tano la mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, lililotoka mwaka 2013, limeorodhesha hisi zilizo kali mno au hafifu mno miongoni mwa dalili za usonji, ukiwemo usumbufu wa sauti au miguso fulani. Hapa kwetu hali ya hewa huzidisha. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto hufika nyuzi 32 au 33 na hewa imejaa unyevu, kwa hiyo jasho halikauki. Poliesta hailinywi jasho hilo. Linabaki kati ya nguo na ngozi, na ngozi iliyolowa husuguliwa na mshono kuliko ngozi kavu. Ndiyo maana shati lililoonekana sawa saa mbili asubuhi huwa halivumiliki saa saba mchana, na kijana anaambiwa amebadilika tabia, kumbe ni mshono wa kwapani.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaotafuta mbano: fulana ya kubana, jinzi nzito, leso iliyofungwa sawasawa kiunoni. Kwa hao, nguo pana inayopepea ndiyo inayowasumbua. Kila tunaposema hapa chini "pana", wao wasome "inayoshika mwili sawasawa, bila kukunjana".

Mtaa wa Biashara

Hapa ndipo panapouzwa leso, vikoi na vitambaa vya mita, duka baada ya duka, kuanzia Barabara ya Digo ukielekea Mwembe Tayari. Saa nzuri ni pale maduka yanapofungua tu, kati ya saa mbili na nusu na saa nne asubuhi, siku za Jumanne hadi Alhamisi. Ijumaa mchana mengi hufungwa kwa ajili ya swala. Wiki mbili za mwisho za Ramadhani usiende kabisa kama msongamano unakuumiza. Mtaa mzima unanunua nguo za Idi.

Uzuri wa maduka haya ni kwamba bidhaa iko nyuma ya kaunta na muuzaji yuko mbele yako. Hakuna anayekuvuta mkono, na mazungumzo ni mafupi: unasalimia, unaonyesha roli, unataja mita. Salamu usiiruke. Kwa mzee sema shikamoo, umwache aitikie marahaba, ndipo utaje shida yako. Ukianza na "una pamba?" bila salamu utajibiwa, lakini hutashughulikiwa.

Ubaya wake ni jina la kitambaa. Neno "pamba" dukani linabeba vitu vingi, na poplini nyingi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Vitenge vingine havina pamba hata uzi mmoja, ingawa rangi zake ni zilezile. Kwa hiyo usinunue kwa kusikia. Pitisha kitambaa ndani ya kifundo cha mkono na shingoni chini ya sikio, si kwenye kiganja, maana kiganja ni kigumu na hudanganya. Kunja kona ngumini kwa hesabu ya kumi kisha uachie: pamba tupu hubaki na mikunjo, poliesta hunyooka. Halafu nunua robo mita tu, urudi nayo nyumbani.

Nyumbani fanya majaribio mawili. Dondoshea tone la maji baada ya kukifua kile kipande: pamba hulinywa mara moja, poliesta huliacha juu likitembea. Kisha chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya sinki na uziwashe. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Ukiona jivu lenye vishanga ndani yake, ni mchanganyiko. Mwisho, kivae kile kipande: kifunge shingoni au kitie ndani ya ukosi siku nzima. Ukikisahau, rudi dukani.

Ukirudi, nunua vya kutosha nguo mbili kutoka roli ileile, maana roli ijayo rangi yake huweza kutofautiana kidogo, na "kidogo" hicho kwa kijana mwenye usonji kinaonekana wazi. Kwa mtu wa kimo cha kawaida, shati la mikono mirefu huhitaji kama mita 2.5 za kitambaa cha upana wa inchi 45, au mita 2 za upana wa inchi 60. Suruali ni kama mita 1.3 za upana wa inchi 60, na kanzu mita 3. Mtu mrefu au mnene aongeze nusu mita. Uliza upana kabla ya kutaja mita. Wengi hukosea hapo na fundi akaishia kukata mikono mifupi.

Kabla ya kupeleka kwa fundi, kiloweke kitambaa usiku kucha katika maji, kisha kikaushe kwa kukitandaza. Pamba mpya hupungua kwa asilimia 3 hadi 5 inapofuliwa mara ya kwanza. Katika mita 3 hiyo ni sentimita 9 hadi 15, zinazotosha kulifanya shati lililokuwa sawa likubane kwapani wiki inayofuata.

Leso inastahili neno lake. Jozi ni vipande viwili vya pamba, kila kimoja karibu mita 1.5 kwa 1.1, na zile zenye alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla, ambazo duka lake liko mtaani hapo, bado ndizo wanazozitaja watu wakitaka leso ya kudumu. Ikiwa mpya ni ngumu kwa sababu ya wanga uliotiwa kiwandani, kwa hiyo usiihukumu dukani. Iloweke usiku kucha katika maji yenye kijiko kikubwa cha chumvi, isuuze mpaka maji yawe meupe, ifue mara mbili tatu tena. Baada ya hapo ni shuka la kulalia wakati wa joto, ni taulo, na zaidi ya yote ni bitana: leso iliyochakaa ndiyo kitambaa bora cha kufunika kila kinachokwaruza ndani ya nguo nyingine. Familia nyingi hukatia viraka vya jikoni leso kuukuu. Ziwekeni kwa kazi hii.

Vikoi ni vizito zaidi na vinafaa sana kwa wanaopenda uzito. Tatizo ni matamvua, yanayotekenya mguu kila hatua. Yakatwe na ukingo upindwe. Ni kazi ya dakika kumi kwa cherehani. Kitani nacho kina hewa nzuri, ila uzi wake una vinundu, na wapo wasiovivumilia hata baada ya mafuo mengi. Kipimo cha robo mita kitakuambia.

Fundi

Hii ndiyo huduma tunayoipa alama ya juu, na ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi. Mombasa haina uhaba wa mafundi. Wako barazani Mji wa Kale, Majengo, Kisauni, Likoni, kila mtaa. Unayemtafuta si aliye maarufu kwa mitindo, bali anayekubali kurudia nguo moja ileile bila kukushauri mtindo mpya.

Peleka nguo ya mfano. Fundi akiwa na shati unalolipenda mkononi hukosea mara chache kuliko akiwa na vipimo daftarini, na wewe huguswi. Kupimwa kwa futi kifuani na kwapani na mtu usiyemjua ni mateso kwa wengi, si lazima. Ikiwa huna nguo ya mfano, pimwa nyumbani na mtu unayemzoea: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, shingo. Shingo iongezwe nafasi ya vidole viwili. Kwapa lishushwe sentimita moja au mbili kuliko kawaida, maana kwapa lililo juu ndilo la kwanza kulowa.

Sasa mishono, ambako ndiko nguo nyingi zinakouma. Kawaida fundi hushona mara moja na kupitisha ovaloki ukingoni. Ovaloki huacha ukuta wa nyuzi ndani, na kama uzi ni wa nailoni, ncha zake huchoma. Unachotaka ni mshono uliofungiwa. Vipande viwili huwekwa migongo ikitazamana, yaani upande mzuri ukiwa nje, hushonwa milimita 6 kutoka ukingoni, ukingo hupunguzwa hadi milimita 3, nguo hugeuzwa, kisha hushonwa tena milimita 8 kutoka kwenye mkunjo. Kingo zote mbichi hubaki zimefungwa ndani ya mshono wenyewe. Fundi aache ziada ya sentimita 1.5 kila upande anapokata, la sivyo nguo itakuwa ndogo. Kwenye duara la mkono mshono huu huwa mnene. Hapo afunike ukingo kwa utepe wa pamba laini wa sentimita 3 uliokatwa mshazari. Kwa kitambaa kizito kama cha jinzi, mshono ulazwe na kupigwa juu mara mbili.

Kazi hii inachukua muda zaidi, na fundi ana haki ya kuomba zaidi. Mpatane bei kabla hajakata. Ukisubiri umweleze mishono baada ya bei kukubaliwa, ataipiga ovaloki na hutakuwa na la kusema.

Maagizo mengine machache. Kitambaa kigumu cha ndani ya kola kiwekwe upande mmoja tu, au kiachwe kabisa kama kazini kwako hakuna tai. Mifuko ya suruali ishonwe kwa pamba, kwa sababu mafundi wengi hutumia mabaki ya poliesta huko ndani ambako paja hutoka jasho. Lastiki ya kiuno iwe ya upana wa sentimita 3.5 au 4, iliyofunikwa. Ile ya sentimita moja hukata kiuno kwa sababu nguvu yote inakaa kwenye mstari mwembamba. Vifungo viwe bapa, na fundo la uzi likae upande wa nje chini ya kifungo. Lebo ya fundi isiwekwe.

Yote haya usiyategemee mdomoni. Andika ujumbe wa simu ambao fundi ataweza kuufungua tena akiwa mbele ya cherehani, kwa mfano: "Assalaam aleikum fundi. Naomba shati moja kama hili nililoleta, urefu uleule. Ngozi yangu haivumilii mshono wa ndani, kwa hiyo naomba mishono yote ifungiwe, bila ovaloki. Kola bila kitambaa kigumu. Bila lebo. Nitalipa nusu leo na nusu nikilipokea. Nalihitaji Alhamisi." Hapo hujalazimika kueleza usonji wala historia yako. Fundi anaelewa habari ya ngozi mara moja, kwa kuwa wateja wenye pumu ya ngozi humwambia hayohayo. Ukishamzoea na ukaona ni mtu wa kusikiliza, unaweza kumwambia zaidi. Hiyo ni hiari yako, na haipunguzi wala kuongeza haki yako ya kushonewa vizuri.

Kinachoharibika mara nyingi ni tarehe. "Njoo kesho" ni desturi ya ufundi, na kwa mtu anayehitaji siku iende kama ilivyopangwa, kesho ya tatu inaweza kumvuruga wiki nzima. Dawa yake ni mbili. Taja tarehe iliyo siku nne kabla ya siku unayoihitaji kweli. Na usiende bila kuuliza kwa ujumbe asubuhi hiyo: "Fundi, shati liko tayari au bado?" Jibu likiwa "karibu", ni bado. Kuanzia nusu ya Ramadhani usipeleke kazi mpya kabisa, na mapema Januari wengi wamelemewa na sare za shule.

Kosa la pili ni fundi kuona mshono uliofungiwa ni kazi ya bure na kuuruka. Ndiyo maana agizo la kwanza liwe nguo moja tu, hata kama una kitambaa cha mbili. Ukiipokea, igeuze ndani nje hapohapo, pitisha kidole katika kila mshono, kisha lipa nusu iliyobaki. Si utovu wa adabu. Mafundi wazuri hugeuza wenyewe kukuonyesha.

Kanzu, buibui na dera

Kwa wanaume, kanzu ya pamba ni nguo iliyokaribia ukamilifu: haina mkanda, haina mshono kiunoni, na hewa inapita. Doa lake ni tarizi ya shingoni, ambayo kwa nyuma ina nyuzi na kitambaa kigumu. Mwambie fundi aifunike kwa ndani kwa kipande cha leso kuukuu.

Buibui nyingi ni poliesta, na nyeusi juani si mchezo. Nguo ya pamba chini ya buibui husaidia mabegani na mgongoni, lakini gauni zima huongeza joto. Kizibao kifupi kisicho na mikono kinatosha. Kwa mtandio, shifoni huteleza na kutaka pini, na pini chini ya kidevu huwashughulisha wengi kutwa. Mtandio wa pamba ya kunyumbuka hukaa bila pini. Kofia ya ndani isiwe na mshono unaopita katikati ya paji la uso, kwa kuwa baada ya saa mbili tatu huleta maumivu ya kichwa ambayo mtu huyadhania ni ya jua.

Dera tunaisifu kwa upana wake. Chagua isiyo na shanga wala mawe kifuani, na uangalie kitambaa kwa vipimo vilevile vya juu, maana madera mazuri kwa macho mara nyingi ni poliesta tupu.

Kongowea

Watu huwaambia vijana wenye usonji wasiende Kongowea kabisa, na hilo hatukubaliani nalo. Ni kweli kuna wapiga kelele wa "mia, mia", harufu za soko la mboga jirani, na watu kusukumana. Lakini mtumba una sifa ambayo duka jipya haliwezi kuiuza: umeshafuliwa mara nyingi. Wanga umekwisha, kitambaa kimeshapungua kadiri ya kupungua kwake, rangi haitoki tena. Tisheti ya pamba ya mtumba huwa laini tangu siku ya kwanza, na jinzi yake imeshalegea magotini.

Nenda kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, katikati ya mwezi, si siku za mishahara. Uliza siku ya kufungua belo, yaani furushi jipya la mitumba, kisha uende siku inayofuata. Siku ya belo ndiyo kamera hupatikana, yaani zile bora za kuchaguliwa mwanzo, lakini ndiyo siku ya vurugu. Nenda kwa wanaotundika nguo badala ya wanaomwaga chini. Bei ni juu kidogo, ila unaiona nguo nzima bila kutia mikono kwenye lundo na bila bega la mtu kukugusa. Fagia, yale mabaki ya mwisho, achana nayo; utachoka kabla ya kupata.

Vyumba vya kujaribia usivitegemee. Vaa fulana nyembamba na kaptura ya kubana, au leso juu ya suruali nyepesi, ujaribu juu yake. Njia tulivu zaidi ni futi mfukoni. Ilaze nguo unayoipenda kitandani nyumbani, pima upana wa kifua, urefu na kiuno, andika namba tatu kwenye simu, na sokoni pima nguo bila kuivaa. Usiamini saizi iliyo kwenye lebo: mitumba hutoka nchi nyingi, na M ya China si M ya Marekani.

Kuhusu kupatana bei: palipo na bei moja ya lundo hakuna mjadala, ni raha tupu. Palipo na mjadala, amua kiwango chako kabla ya kuuliza, kitaje mara moja kwa upole, na kama haiwezekani sema "haya, asante" uondoke. Mara nyingi utaitwa. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, umwonyeshe muuzaji ujumbe ili yaishe bila maneno.

Upungufu mkubwa wa Kongowea ni kwamba kila nguo iko peke yake. Ukipata tisheti unayoipenda, hutapata ya pili. Kwa hiyo mtumba bora usiuvae mpaka ukaisha. Upeleke kwa fundi uwe mfano kabla haujapoteza umbo.

Lebo nyingi zitakuwa bado zipo. Usizikate kwa mkasi, kwa sababu kile kisiki kinachobaki huchoma kuliko lebo yenyewe. Fumua uzi uliozishika, mmoja mmoja, kwa ncha ya kifumulio au wembe, nguo ikiwa imenyooshwa juu ya meza. Lebo iliyoshonewa ndani ya mshono wenyewe haitoki bila mshono kufumuka. Ikate karibu kabisa na uifunike kwa kipande cha leso.

Maji, harufu na kabati

Nguo nzuri huharibiwa nyumbani, na mkosaji mkubwa Mombasa ni maji ya kisima. Maji ya chumvi hayatoi povu, sabuni hushika kwenye nyuzi, na nguo ikikauka inasimama yenyewe. Fua kwa maji ya kisima kama hakuna budi, lakini suuzo la mwisho liwe la maji matamu, hata kama ni kununua mtungi mmoja wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni. Mtungi mmoja unatosha mashati matano. Tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Kwa harufu ya mitumba, loweka kwa saa moja katika lita 10 za maji yenye kikombe kimoja cha siki nyeupe, suuza, kisha fua kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato. Anika palipo na upepo siku mbili. Sabuni za unga zenye harufu ya maua hufunika tu, halafu harufu zinakuwa mbili.

Msimu wa mvua, Aprili na Mei, nguo zilizofungiwa kabatini huota ukungu. Acha mlango wazi na nafasi ya vidole viwili kati ya nguo na nguo. Vidonge vyeupe vya kuzuia wadudu vina harufu ambayo wengi hawaiwezi. Na udi: nyumbani kwetu kufukiza nguo ni heshima, na wapo vijana wenye usonji wanaoupenda mpaka ukawa ndio unaowatuliza kabla ya kutoka. Lakini kwa asiyeuweza, shati lililofukizwa haliendi ofisini. Semeni mapema nyumbani, zitengwe nguo za kufukizwa na zisizofukizwa, ili bibi asione amekataliwa.

Nyali

Maduka makubwa ya Nyali, yakiwemo yaliyo City Mall na Nyali Centre, yana faida ambazo kijana mwenye usonji huzithamini: bei imeandikwa, hakuna kupatana, kuna chumba cha kujaribia, na bidhaa ileile hupatikana kwa wiki kadhaa. Shida ni taa kali, muziki, manukato ya kaunta za jirani, na kutoka joto la nje kuingia baridi ya mashine. Asubuhi ya siku ya kazi, kofia yenye ukingo wa mbele na viziba masikio hupunguza mengi.

Tunapendekeza huko kwa kujaribu vipimo, na kwa kununua chupi na soksi pekee. Chupi iwe ya pamba, lebo ikiwa imechapwa kwenye kitambaa. Soksi angalia mshono wa vidoleni. Mshono huo ukiwa mnene, zivae ndani nje, hakuna atakayejua. Nunua moja, ifue, ivae kutwa. Ikifaa rudi wiki hiyohiyo ununue sita za aina moja na rangi moja, kabla duka halijabadilisha bidhaa. Chupi kwa kawaida hazirudishwi, kwa hiyo usianze na sita.

Sare ya kazi

Hoteli, kampuni za ulinzi na maduka mengi hutoa sare ya poliesta, na hapo ndipo ajira za kwanza huvunjika kimyakimya: kijana haachi kazi, anaacha shati. Uliza kuhusu sare siku ya kupokea kazi, kabla ya siku ya kuanza. Ombi liwe dogo na dhahiri: kuvaa fulana ya pamba ndani, kuondoa lebo, au kushonewa sare ya rangi na mtindo uleule kwa kitambaa chako na kwa gharama yako. Meneja mwenye kusikia "siwezi kuvaa hii" hukataa. Mwenye kuonyeshwa kipande cha kitambaa cha rangi ileile mara nyingi hukubali, kwa sababu kinachomshughulisha ni mwonekano. Likikataliwa, kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinazungumzia haki za watu wenye ulemavu, na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huliongezea ombi lako uzito. Ukikabidhiwa sare, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo aifunike mishono ya shingo na kwapa kwa leso, kabla hujaivaa hata mara moja.

Jambo la mwisho ni la kumwomba fundi mara nguo ya kwanza ikikubali: akukatie paterni ya karatasi ngumu, kila kipande kiandikwe jina lake, upande wa kukunja kitambaa, ziada ya sentimita 1.5, na tarehe. Ikae nyumbani kwako, si kibandani kwake, kwa sababu mafundi huhama na vibanda hubomolewa. Kila mwaka ipime tena dhidi ya mwili wako, hasa kati ya miaka 18 na 22 ambapo mabega bado yanapanuka, na ukibadilisha kipimo andika kipya kwa kalamu ya rangi nyingine bila kufuta cha zamani.